Lenzi ya Makro: Pete na Sura kwa Bei Moja?

Mpiga picha wa harusi anayeanza kupata wateja hukwama mapema kwenye swali la fedha. Lenzi iliyokuja na kamera haimtoshi tena, akiba aliyonayo inanunua lenzi moja tu, na kazi ziko mbili: sura za watu, na vile vitu vidogo ambavyo maharusi hawataki vikosekane kwenye albamu, yaani pete, hina, vipuli na urembo wa gauni. Akiulizia Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, huenda akashauriwa achukue makro ya milimita 100 kwa kuwa "inapiga vyote".

Ushauri huo si wa uongo. Makro za milimita 90 hadi 105 hupiga potreti safi. Tamron walitoa makro yao ya kwanza ya milimita 90 mwaka 1979, na tangu hapo lenzi za ukoo huo zimependwa na wapiga picha za sura. Lakini kuweza kazi mbili ni jambo moja, na kuzifanya kwa gharama ndogo kuliko njia nyingine ni jambo jingine. Kabla hujatoa pesa, kuna mambo manne ya kupima: kitu kidogo kinajaa vipi kwenye picha, sura inatokaje, ukumbini utapata mwanga kiasi gani, na bei ya kila njia.

Pete inajaa kiasi gani?

Usiridhike na neno "Macro" lililoandikwa kwenye lenzi. Zuumu nyingi za bei nafuu zimeandikwa hivyo na hazifiki hata nusu ya ukubwa halisi. Tafuta namba ya ukuzaji. Makro kamili ni ya 1:1, maana yake kitu kinaangukia kwenye kihisi cha kamera kwa ukubwa wake halisi. Kihisi cha fremu kamili kina upana wa milimita 36, kwa hiyo lenzi ya 1:1 inaweza kujaza picha nzima kwa kitu chenye upana wa milimita 36. Pete ya kidoleni ina upana wa takriban milimita 20. Inachukua zaidi ya nusu ya picha, na alama ya sonara iliyogongwa ndani yake inasomeka.

Sasa linganisha. Canon EF 50mm f/1.8 STM, lenzi ambayo karibu kila anayeanza huinunua, hufika ukuzaji wa 0.21. Kwenye fremu kamili picha yake ya karibu kabisa ina upana wa sentimita 17. Huo ni mkono mzima wa bibi harusi: hina itaonekana vizuri, pete itakuwa kitu kidogo katikati. Canon EF 85mm f/1.8, lenzi ya sura hasa, huishia 0.13, na picha yake ya karibu ina upana wa sentimita 28 hivi. Hapo pete ni nukta. Lenzi za "nusu makro", yaani 1:2, hufika upana wa milimita 72, na pete inachukua kidogo zaidi ya robo ya picha.

Wenye kamera za kihisi kidogo, APS-C, wana nafuu ambayo wengi hawaijui. Kihisi cha Canon cha aina hiyo kina upana wa milimita 22 na ushei, kwa hiyo nusu makro tu huwapa picha ya upana wa milimita 45, na pete inakaribia kujaza nusu yake. Zaidi ya hapo, ile lenzi ya 18-55 wanayoidharau huenda ikawa na uwezo uliosahaulika. Canon EF-S 18-55mm f/3.5-5.6 IS STM hufika ukuzaji wa 0.36, yaani picha ya upana wa milimita 62. Ni karibu zaidi kuliko 50mm f/1.8 waliyoinunua ili "wapande daraja".

Kisha kuna pikseli. Kamera ya megapikseli 24 hutoa picha yenye upana wa pikseli 6,000. Kwa lenzi hiyo ya 18-55, pete peke yake itakalia pikseli 1,900 hivi. Ukiikata picha kwa ajili ya Instagram au WhatsApp, hakuna atakayejua kwamba hukutumia makro. Kwa albamu ya kuchapishwa ni tofauti: ukurasa wa sentimita 30 kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi unataka pikseli zaidi ya 3,500, na pete ya kujaza ukurasa huo haipatikani kwa kukata. Jiulize basi picha zako za karibu zinaishia wapi. Kama zinaishia kwenye simu ya mteja, huenda tayari unacho unachokitafuta.

Sura inatokaje?

Hapa makro inashinda kuliko wengi wanavyodhani. Wapo wanaoamini kwamba f/2.8 haiwezi kuipoteza nyuma ya mtu kwenye ukungu, ni lazima f/1.8. Kwa mandhari ya mbali, kinachohesabika ni upana wa tundu lenyewe: gawa milimita za lenzi kwa namba ya f. Lenzi ya 50mm kwa f/1.8 ina tundu la milimita 28. Makro ya 100mm kwa f/2.8 ina tundu la karibu milimita 36. Ukimpiga mtu yule yule kwa ukubwa ule ule kwenye picha, makro itayeyusha miti na magari yaliyo mbali nyuma yake zaidi kuliko hiyo 50mm. Ni 85mm f/1.8, yenye tundu la milimita 47, ndiyo inayoipita.

Umbali nao unaisaidia makro. Kwa 100mm kwenye fremu kamili unasimama takriban mita mbili kumpata mtu kichwa na mabega, na kwa umbali huo pua haikuzwi wala masikio hayajifichi. Kwa f/2.8 unabaki na sentimita sita au saba zenye fokasi, zinazotosha macho yote mawili hata akigeuza uso kidogo. Kwa f/1.8, mtu akiwa na ukubwa ule ule kwenye picha, unabaki na sentimita nne hivi, na jicho moja hupotea kwa urahisi.

Kwenye kamera ya APS-C mambo hubadilika. Lenzi ya 100mm inaona kama 160mm, na picha ile ile inakutaka urudi nyuma zaidi ya mita tatu. Kwenye chumba cha kumpambia bibi harusi, kitanda kikiwa upande huu na masanduku upande ule, mita tatu hizo hazipo. Mwenye kamera hiyo atazame makro ya milimita 60, si 100.

Malalamiko ya kawaida ni kwamba makro ni kali mno. Inaonyesha vinyweleo, poda iliyokauka, na jasho linalong'aa juu ya mdomo saa tisa mchana. Ni kweli, na mteja aliyelipia kupendeza hatakushukuru. Lakini ukali wa ziada hupunguzwa dakika moja kwenye Lightroom, na mwanga laini wa dirishani unaupunguza kabla hata hujabonyeza. Picha isiyo na ukali wa kutosha ndiyo isiyo na dawa. Hii si sababu ya kuikataa makro.

Ukumbini

Sababu ya kuikataa, kama ipo, ni mwanga. Lenzi ya f/1.8 huingiza mwanga mara 2.4 ya ule wa f/2.8. Tuseme maharusi wanaingia ukumbini, taa zimepunguzwa, na wewe uko f/1.8, kasi ya 1/200, ISO 1600. Kwa makro utahitaji ISO 4000 kupata picha ile ile. Kamera ya fremu kamili ya miaka ya karibuni inastahimili. Ya zamani yenye kihisi kidogo itakupa chengachenga kwenye vivuli vya suti.

Kitulizaji cha mtikisiko kilicho ndani ya lenzi hakitakuokoa hapo. Kinazuia mtikisiko wa mkono wako. Hakimzuii bwana harusi kucheza.

Fokasi ni mtihani mwingine. Makro ina safari ndefu, kuanzia sentimita 30 hadi upeo wa macho, na ikikosa shabaha gizani hupita safari yote, kwenda na kurudi, huku maharusi wameshakaa jukwaani. Ndiyo maana nyingi zina swichi ya kuweka mpaka. Kwenye Canon EF 100mm f/2.8L ukiiweka "0.5m hadi upeo", lenzi haihangaiki tena na eneo la karibu na fokasi inakuwa ya haraka zaidi. Ukinunua makro kwa ajili ya watu, swichi hiyo izoeleke mkononi mwako kabla ya siku ya kazi.

Pete yenyewe inavyopigwa

Kabla ya kulipia 1:1, jua itakavyokutaka ufanye kazi. Kwa ukubwa halisi na f/2.8, eneo lenye fokasi ni kama theluthi moja ya milimita. Kito kinakuwa wazi, vikucha vinavyokishika vimeshapotea. Ukifunga hadi f/8 unapata milimita moja. F/11 inaongeza kidogo tu. Na mwanga nao unapungua kadiri unavyosogea: Nikon 105mm f/2.8 VR yenyewe hukuandikia f/4.8 ukifika 1:1.

Ukiwa na makro ya milimita 100 unabaki na sentimita 15 tu kati ya kioo cha mbele na pete. Kivuli chako kinaingia kazini, na dhahabu iliyosuguliwa inageuka kioo: utaona mdomo mweusi wa lenzi umekaa juu ya pete. Weka pete kwenye kanga au meza karibu na dirisha, simamisha manila nyeupe upande wa pili irudishe mwanga, na inamisha kamera kidogo hadi weusi ule uondoke. Yote hayo yanataka dakika kumi za utulivu. Kama ratiba zako hazikupi dakika hizo, na pete unaipiga ikiwa kidoleni huku somo anahimiza watu watoke, nusu makro inakutosha.

Bei

Bei zifuatazo ni za kutolewa sokoni Marekani, na ubadilishaji nimefanya kwa shilingi 2,500 za Tanzania kwa dola ili hesabu iwe nyepesi. Ongeza usafiri, ushuru, na VAT, ambayo ni asilimia 18 Tanzania Bara na 16 Kenya.

Canon bila kioo (mirrorless). RF 85mm f/2 Macro IS STM ilitoka 2020 kwa dola 599, karibu shilingi milioni 1.5. Ni nusu makro, ina kitulizaji, na f/2 yake inaingiza mwanga mara mbili ya f/2.8. Fokasi yake si ya haraka, lakini hakuna nyingine ya Canon inayokutana na swali letu uso kwa uso hivi. RF 100mm f/2.8L Macro ya 2021 hufika mara 1.4 ya ukubwa halisi, na ilitoka kwa dola 1,399, sawa na shilingi milioni 3.5. Tofauti ni milioni mbili. Usizilipe kama hupigi vito au bidhaa kwa malipo.

Sony. FE 85mm f/1.8 ilitoka kwa takriban dola 600, na FE 90mm f/2.8 Macro kwa takriban 1,100. Katikati yake kuna Tamron 90mm f/2.8 Di III ya 2024 kwa dola 699 na Sigma 105mm f/2.8 Art ya 2020 kwa 799. Hapa makro kamili inapatikana kwa dola mia moja tu juu ya lenzi ya sura.

Nikon Z. Nikon 85mm f/1.8 S ilitoka kwa dola 799, MC 105mm f/2.8 VR S kwa 999. Lakini Tamron 90mm ile ile ipo pia kwa Nikon Z, na kwa 699 inakuwa chini ya lenzi ya sura ya Nikon yenyewe. Kwa mtu wa Nikon Z, makro ni chaguo la bei nafuu.

Kamera za kioo (DSLR) za Canon na Nikon. Hapa ndipo walipo wengi wetu, na hapa ya mtumba ndiyo ya kutafuta. Canon EF 100mm f/2.8 Macro USM ya mwaka 2000, isiyo na L wala kitulizaji, ni 1:1 kamili na bei yake ya mtumba iko chini sana ya bei ya makro mpya. Kwa Canon APS-C, tafuta EF-S 60mm f/2.8 Macro: ni 1:1, ina gramu 335, na inaona kama 96mm. Kumbuka tu kwamba lenzi ya EF-S haiingii kwenye Canon za fremu kamili kama 6D au 5D. Kwa Nikon za D3000 na D5000 na ndugu zao, hakikisha lenzi ina mota yake ndani. Tamron 90mm za zamani zisizo na mota hazitafokasi zenyewe kwenye kamera hizo.

Njia za pembeni

Tyubu za kurefusha ni mabomba matupu yanayokaa kati ya kamera na lenzi. Hesabu yake ni rahisi: gawa urefu wa tyubu kwa milimita za lenzi. Tyubu ya milimita 25 kwenye lenzi ya 50mm inaongeza ukuzaji wa 0.5, kwa hiyo ile 50mm ya shilingi laki tatu na kidogo inafika hadi 0.7. Ukiwa umeifunga huwezi kupiga vitu vya mbali, na kuvaa na kuvua katikati ya shughuli kunachosha, lakini kwa pete mbili za harusi moja inatosha kabisa. Chukua zenye vidoti vya umeme. Zile zisizo navyo ni za bei ya chini zaidi, lakini kwenye Canon EF tundu la lenzi halitafungika, na utabaki na theluthi ya milimita ile ile tuliyoitaja. Rahisi huvunja upishi.

Kioo cha kubandika mbele ya lenzi, kama Raynox DCR-250, hubanwa kwenye lenzi zenye mdomo wa filta wa milimita 52 hadi 67, na kwenye zuumu ndefu hufanya kazi nzuri ya kushangaza. Seti za filta za "+1, +2, +4, +10" zinazouzwa kwa bei ya chakula cha mchana zinaifanya picha iwe wazi katikati tu na kuacha pembe zikiwa na ukungu na rangi za pembeni. Kwa potreti, njia zote hizi hazina msaada.

Na kuna kukodi. Gawa bei ya lenzi kwa ada ya siku. Kwa mfano wa hesabu tu, lenzi ya 750,000 inayokodiwa kwa 25,000 inajilipa baada ya siku 30 za kazi. Kama una harusi moja kwa mwezi, hiyo ni miaka miwili na nusu. Kodi kwanza, hata kwa wikiendi moja, ndipo uamue.

Ukiinunua iliyotumika

Pwani yetu ina unyevu, na adui mkubwa wa lenzi hapa ni fangasi. Fungua vifuniko vyote viwili, mulika ndani kwa tochi ya simu kwa mshazari, na utazame kama kuna nyuzi nyuzi mithili ya utando wa buibui. Zikiwepo, iache, hata wakipunguza bei. Vumbi kidogo halina neno. Funga tundu hadi f/11 na uangalie kama visu vyake vinafunga haraka na havina mafuta. Weka lenzi kwenye kamera yako mwenyewe, piga gazeti kwa karibu kabisa, kisha mpige muuzaji mwenyewe kwa mita mbili, na ukuze picha zote mbili kwenye skrini. Jaribu swichi ya mpaka wa fokasi. Ukifika nayo nyumbani, ihifadhi kwenye chombo cha plastiki kinachoziba sawasawa pamoja na vipakiti vya silika.

Uamuzi

Kama kipato chako kinatoka kwenye sura za watu na kumbi za usiku, nunua lenzi ya sura: 85mm f/1.8, au 50mm f/1.8 kama kamera ni ya APS-C. Ongeza tyubu zenye vidoti vya umeme kwa ajili ya pete. Utabaki na mwanga mara 2.4 pale unapouhitaji zaidi.

Kama unapiga mchana au studio, na unauza picha za vito, vipodozi, chakula, watoto wachanga au hina, nunua makro na uipige potreti bila wasiwasi: 60mm kwa APS-C, 90 hadi 105mm kwa fremu kamili. Hutakosa kitu ila mwanga, na mwanga studio unao.

Kama ni Canon bila kioo na unataka moja tu, ni RF 85mm f/2. Kama ni Nikon Z, anza na Tamron 90mm.

Na kama bado unatumia 18-55 na picha zako zinaishia Instagram, usinunue chochote mwezi huu. Chukua pete, kaa dirishani, peleka zuumu hadi 55, sogea hadi lenzi ikatae kufokasi, kisha rudi nyuma kidogo na upige. Ukiona picha hiyo haimtoshi mteja wako, hapo ndipo utajua unanunua nini.